Mashine Imekufa, Njoo

Alikuwa ameapa. Aliapa mbele ya dada yake, akaapa mbele ya kioo cha bafuni, na kuna siku aliapa kimoyomoyo akiwa amelala chali chini ya meza ya ofisi ya watu, waya mdomoni, kwamba mguu wake hautakanyaga tena lile duka la miwani hata likiwaka moto. Kisha asubuhi hiyo simu ikalia mara moja tu, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi kuliko hata salamu: *Mashine imekufa. Njoo.* Namba ilikuwa ya Daktari.

Aliiweka simu mezani. Akaichukua. Akaiweka tena, kifudifudi. Akaenda jikoni kufuata maji, akarudi bila maji.

"Ni yeye?" dada yake aliuliza, macho hayatoki kwenye shati alilokuwa akipiga pasi.

"Ni kazi."

"Kazi gani hiyo inayokuzungusha nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga?"

"Mashine yao imekufa."

"Izikwe."

"Dada, kuna watu wanasubiri miwani."

"Na wewe unasubiri akili. Mwanamume ameshindwa kukutaja mbele ya shangazi yake, leo kompyuta imemgomea ndipo amekumbuka una simu. Haya, nenda. Lakini ukirudi hapa unavuta makamasi, mimi sina bega la kukupa. Liko busy na pasi."

Alivaa blauzi ya rangi ya bahari, akaivua. Akavaa fulana ya kazi, akaivua. Akarudia blauzi. Alipotoka alikuwa na fulana, na moyo unapiga kama wa mtu aliyeiba.

Mjini walimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mkononi, mfukoni au iliyochomekwa kwenye nywele. Ni Daktari peke yake aliyelikata jina hilo nusu akamwita Bisi. Na ukikumbuka bisi zinavyorukaruka sufuriani zikipata moto, utakubali kwamba hakumwonea. Msichana huyu hakujua kutulia. Akikaa, mguu unatikisika. Akisimama, anatafuta cha kufungua.

Naye Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mpima macho katika duka aliloachiwa na baba yake, ila wateja walimwona na koti jeupe wakampa cheo, naye akachoka kuwasahihisha. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotetemeka. Bisi alimpenda kwa upole huo, na kwa upole huohuo alikaribia kumchukia. Maana siku ile shangazi yake alipokuja na keki, akamkuta Bisi amekaa nyuma ya kaunta kama mtu wa pale, akauliza, "Na huyu mrembo ni nani?", Daktari alimtazama mama yake, akasema: "Ni fundi wetu wa kompyuta."

Fundi wetu wa kompyuta! Baada ya misimu yote ile ya kushikana mikono taa za sinema zikizimwa. Bisi alikiacha kipande cha keki alichokatiwa na Daktari, akakusanya mkoba wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Simu za Daktari hakuzipokea tena.

Sasa kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha usingizi. Kampuni moja inayohudumia mashine za hospitali ilikuwa imempa kazi, kazi ya kusafiri mji hadi mji, na makao yake yangekuwa mbali. Walisema watapiga simu leo mchana kupokea jibu. Jibu hakuwa nalo. Kila alipolitafuta, aliukuta uso wa Daktari umekaa mahali pa jibu.

Dukani alikuta watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mnene aliyekaa kwenye kiti cha kusubiria, amefinya macho. Wa pili, nyuma ya kaunta, akipangusa fremu ambayo tayari ilikuwa safi, alikuwa mama yake Daktari.

Bisi alisita mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeletewa ujumbe kwamba mashine..."

"Niliuandika mimi." Mama aliinyanyua simu ya mwanawe kutoka kwenye droo. "Ameisahau hapa alivyotoka mbio. Angekuandikia yeye, saa hizi ungekuwa bado unasoma."

Kwa hiyo hakuwa yeye. Njia nzima, huku akijidanganya kwamba anakwenda kwa ajili ya mashine, alikuwa amelishika neno lile moja, *njoo*, kama mtu aliyeshika sarafu kiganjani.

"Nimemwita fundi," mama akaendelea, taratibu, ili kila neno lifike. "Sikumwita mtu mwingine."

"Fundi amefika, mama. Huyo mwingine hayupo."

Alikuwa ameshageuza kisigino kuondoka, fundi na huyo mwingine wote pamoja, pale mwanamume mnene aliposimama na kunyoosha mkono upande ambao Bisi hakuwepo.

"Binti, nakuomba. Kama kweli ni fundi, usiondoke. Mimi ni kinyozi. Miwani yangu ilikanyagwa, na jana nimemnyoa mteja nyusi."

"Nyusi zote?"

"Upande mmoja. Ndiyo aibu yenyewe."

Bisi alicheka bila kutaka. Akavuta pazia, akaingia chumba cha nyuma.

Kompyuta ile aliijua kama mtu anavyomjua mgonjwa wake wa siku nyingi. Ilikuwa boksi zito la rangi ya maziwa yaliyochacha, na mfumo wake ulikuwa wa zamani kiasi kwamba hata waliouunda walishautelekeza. Lakini ndiyo pekee iliyojua kuongea na mashine ya kukata lenzi iliyokaa kando yake. Mfumo mpya haukuielewa ile mashine hata kidogo. Bisi mwenyewe ndiye aliyewapatanisha, na ilikuwa katika kuwapatanisha huko ndipo yeye na Daktari walipozoeana.

Aliiwasha. Feni ikanguruma, skrini ikaonyesha nembo, halafu ghafla ikawa buluu tupu yenye maandishi meupe, ikazima, ikaanza upya. Nembo, buluu, giza. Akaijaribu kwa ile njia ya dharura, inayowasha mambo ya lazima peke yake. Buluu vilevile.

"Fundi mmoja alikuja jana," mama alisema kutoka kwenye pazia. "Akasema diski imekufa, na vyote vilivyomo vimekwenda nayo. Mwanangu ametoka kutafuta kompyuta nyingine."

Bisi alitega sikio kwenye ubavu wa boksi. Diski ilikuwa inazunguka vizuri, bila kukwaruza. "Hii haijafa, mama. Nimulikie, tafadhali."

Mama alisita, kisha akawasha tochi ya simu na kupiga magoti, mkono mmoja kiunoni. Bisi alifungua skrubu, akatoa ubavu, akapuliza vumbi. Vichwa vyao vilikaribiana. Ni vigumu kumnunia mtu ambaye mmeingiza pua zenu ndani ya boksi moja, lakini mama alijitahidi.

"Wewe utasema mimi nina roho mbaya," mama alisema hatimaye.

"Sijasema, mama."

"Hujasema, lakini umeizungusha hiyo skrubu kama shingo yangu." Akajifuta vumbi puani. "Sina ugomvi na wewe. Mikono yako naipenda. Lakini fundi ni mtu wa kuitwa, na mke ni mtu wa kukaa. Baba yake huyu alikuwa kiguu na njia. Leo kaskazini, kesho kusini, anauza fremu. Mtoto alikuwa akilala na viatu, ili baba akirudi usiku asipoteze muda kuvivaa kabla ya kumkimbilia. Sasa nimuoze mtu mwingine wa namna hiyohiyo?"

Bisi aliacha kazi. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya viatu. Angeweza kusema uongo pale, na pengine ungemfaa.

"Mama, mimi sijui kukaa. Nikikaa naugua. Sitakudanganya kwamba nitajifunza."

"Afadhali husemi uongo," mama akasema, akasogeza tochi karibu zaidi bila kuombwa.

Ndani kabisa ya boksi palikuwa na betri ndogo ya mviringo, mfano wa kifungo cha koti. Bisi aliichomoa, akaipima. Ilikuwa kavu. "Hii hapa. Hii ndiyo inayoikumbusha kompyuta saa na mipangilio yake umeme ukikatika. Ilipoisha, kompyuta ikasahau kila kitu, ikarudi ilivyotoka kiwandani. Sasa inajaribu kuisoma diski kwa namna ya kisasa, na mfumo wa zamani hauijui namna hiyo. Ndiyo maana unaanguka."

"Kwa hiyo mambo yetu yamo?"

"Yamo yote, mama. Njia ya kuyafikia ndiyo imepotea."

Alikuwa amechomeka betri mpya na kuinamia kibodi pale pazia lilipofunguka kwa kishindo. Daktari alisimama amebeba boksi la kompyuta kifuani, jasho likimtiririka, shati limetoka nje ya suruali. Akamwona. Akabaki vilevile. Bisi naye akabaki vilevile, kidole juu ya kitufe. Macho ya Daktari yalikuwa na weusi chini, kama ya mtu asiyelala, na ndevu alikuwa ameziacha ziote ovyo. Bisi alitaka kumwuliza amekula nini. Alitaka pia kumrushia kibodi.

"Bisi," alisema.

"Weka chini hilo boksi, utateguka kiuno," mama alisema. "Nimemwita mimi." Akainuka kwa kujikokota, akatoka mbele kwa Kinyozi, na pazia likabaki likiyumba nyuma yake.

Daktari akaliweka boksi chini. "Nimeazima kompyuta mpya kwa rafiki yangu. Nilidhani..."

"Ina tundu la kuchomekea kebo ya mashine yako?"

Akainama kuangalia nyuma ya boksi. Akainuka taratibu. "Haina."

"Basi irudishe." Bisi alikuwa ameshageukia skrini. Aliingia kwenye mipangilio, akarekebisha tarehe, akatafuta mstari wa diski na kuurudisha kwenye namna ya zamani. Akahifadhi. Nembo ikatokea, ikakawia, ikakawia tena mpaka akaanza kutikisa mguu, halafu ile picha ya mezani waliyoizoea ikafunguka taratibu.

Daktari alitoa pumzi ndefu. "Nilikupigia simu."

"Najua."

"Nikaja mpaka kwenu. Dada yako alisema umehama."

Bisi alishtuka. Hakuambiwa. "Hata hivyo, mdomo ulikuwa nao siku ile ya keki," alisema, lakini makali yalikuwa yamepungua. "Fungua programu yako tujue kama mashine inaitika."

Akafungua. Ujumbe ukatokea: mashine haionekani.

"Tundu la kebo nalo limesahaulika," Bisi alisema, akazima, akarudi kwenye mipangilio. Mstari wa tundu lile ulikuwa umefungwa kabisa. Akaufungua, akalirudishia namba yake ya zamani. "Kasi ya mashine tuliiweka ngapi? Lazima zifanane, la sivyo moja itaongea haraka na nyingine haitasikia."

Daktari akaitaja bila kufikiri, akaenda kusimama kwenye mashine kuthibitisha. Wakafanya kazi hivyo, yeye kule, Bisi huku, wakirushiana maneno ya kazi na maneno mengine katikati.

"Kebo imekaza?"

"Imekaza. Bisi, niliogopa."

"Uliogopa nini? Shangazi hang'ati. Bonyeza kitufe cha kijani."

"Nimebonyeza. Niliogopa kumvunja moyo mama mbele ya mtu."

"Ukaona heri uvunje wangu. Taa inawaka?"

"Inawaka njano."

"Subiri." Vidole vyake vilikuwa vinaruka juu ya kibodi. "Leo mchana napigiwa simu. Nimepewa kazi mbali. Mashine za hospitali."

Akageuka. Daktari alikuwa amesimama ameegemea mashine, uso umepauka.

"Utaikubali?"

"Sijui. Taa?"

"Kijani," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Imekuwa kijani."

Mashine ikakohoa, ikaguna, jiwe la kusagia likaanza kuzunguka. Kule mbele Kinyozi alipiga makofi. Daktari alijaribu kuweka lenzi mahali pake, na mikono ile isiyotetemeka ikakosea mara mbili, hata Bisi akasogea akamshikia fremu. Vidole vikagusana. Hakuna aliyeondoa vyake. Maji yakatiririka juu ya lenzi, ukingo ukaliwa kidogo kidogo, na wote wawili wakaitazama kana kwamba hawajawahi kuona lenzi.

Kinyozi alipovaa miwani yake alitazama dari, akatazama ukuta wa fremu, akasoma herufi za kupimia macho mpaka mstari wa chini bila kuombwa. Kisha akamtazama Daktari, akamtazama Bisi, akamtazama mama.

"Sasa naona," alisema. "Nimekaa hapa nawasikiliza mnavyozozana nyuma ya pazia. Hebu niambieni, huyu binti ni nani hapa?"

Mama aliacha kupangusa. Bisi alianza kukusanya vifaa vyake, haraka, koleo, brashi, waya, maana hakutaka kuwa na mikono mitupu jibu likija.

"Ni fundi..." Daktari alianza.

Bisi alifunga zipu ya mkoba.

"Hapana," Daktari alisema, kwa sauti ambayo hakuna mtu dukani aliyewahi kuisikia. "Mama, naomba simu yangu."

Alibonyeza namba, akafungua spika, akailaza simu juu ya kaunta. Ikaita. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu.

"Shangazi, shikamoo. Siku ile ulipokuja na keki uliniuliza swali. Nilikudanganya."

"Swali gani?"

"Kuhusu yule msichana. Yule ndiye ninayetaka kumuoa. Nampenda. Ningesema siku ile, nikawa mwoga, akaondoka. Nasema sasa hivi, yeye yupo hapa na mama yupo hapa."

Bisi alifungua zipu ya mkoba, akaifunga tena.

"Ala!" shangazi alisema. "Nikadhani mtu amefariki. Mwanangu, mimi nilijua siku ileile. Mtu hamkatii fundi wa kompyuta kipande cha keki kikubwa kuliko cha shangazi yake. Na mwambie mama yako asijifanye hakujua." Akakata.

Kinyozi alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Daktari alizunguka kaunta akaja kusimama mbele ya Bisi, karibu sana, mbele ya watu, mchana.

"Ningependa useme lolote," alisema.

Bisi alifungua mdomo. Na ndipo simu yake ilipoanza kutetemeka mfukoni. Aliitoa. Namba ya kampuni. Aliishika tu, ikimtetemekea kiganjani.

"Ni wao?" Daktari aliuliza. Aliitazama simu, kisha akamtazama yeye. "Pokea, Bisi. Ni kazi yako hiyo. Sitakuwa mimi wa kukuzuia."

"Asipokee!"

Wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama wima, ameweka mkono mdomoni kana kwamba neno limemponyoka.

"Nani atatengeneza hiyo mashine?" aliongeza haraka, akatazama pembeni.

Bisi alipokea. "Ndiyo, ni mimi... Nimefikiri." Akaanza kutembea, kutoka mlangoni hadi kaunta, kutoka kaunta hadi mlangoni, na macho ya watu watatu yakamfuata kama vichwa vya watazamaji wa mpira. "Kazi naitaka. Safari nitakwenda. Lakini makao yangu yawe mji huu, nisihamie huko. Jumatatu niondoke, Ijumaa nirudi. Kama haiwezekani, basi asanteni." Akasikiliza. "Nasubiri."

Akasubiri. Alihesabu fremu ukutani akapoteza hesabu. Daktari alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kinyozi alikuwa na mteja anayemngoja kwake, lakini hakuna aliyeweza kumtoa pale.

"Ndiyo, nipo," Bisi alisema. Akasikiliza tena. "Sawa. Sawa. Nashukuru."

Akashusha simu. Aliyewahi kuuliza hakuwa Daktari.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Wamekubali, mama. Ijumaa nitakuwa narudi."

Mama alichukua fremu nyingine, akaipulizia mvuke, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ijumaa mlango wa mbele tunaufunga mapema," alisema bila kuinua kichwa. "Ukichelewa, pitia wa nyuma."

Mlango wa nyuma haukuwa wa wateja, wala wa mafundi. Ulifungukia jikoni kwao. Daktari alimgeukia mama yake, mdomo wazi. Naye Bisi, asijue acheke au alie, akainama chini ya kaunta kutafuta waya ambao hakuwa ameuangusha.